Garnham wa Kisumu na njia iliyofichika ya malaria

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa iliwasili Kisumu, na mwaka huohuo akazaliwa London mtoto aliyepewa jina la Percy Cyril Claude Garnham. Mambo hayo mawili hayahusiani kwa lolote. Hata hivyo, mimi hupenda kuyataja pamoja kila ninapowaeleza wanafunzi wangu kwa nini jina la mtu huyu, linalofahamika kwa kila mtaalamu wa malaria duniani, lastahili kufahamika pia katika mji uliomfunza.

Garnham alisomea udaktari London, na mwaka 1925 akajiunga na idara ya tiba ya serikali ya kikoloni nchini Kenya. Alikaa huku miaka 22. Mwaka 1929 alichapisha makala kuhusu malaria mjini Kisumu. Mji ule wa ufukweni mwa ziwa, uliozungukwa na mafunjo na madimbwi, ulimwonyesha jambo ambalo daktari wa Ulaya hangeliona kwao: watu wazima wanaotembea na vimelea damuni bila ya homa, huku watoto wachanga wakifa. Kinga ile hutoka wapi? Swali hilo halikumwacha. Mwaka 1938 alichapisha utafiti juu ya malaria katika kondo la nyuma la wanawake wajawazito, akionyesha jinsi seli za ulinzi wa mwili zinavyokusanyika pale na kuvimeza vimelea. Aidha, pamoja na mwenzake McMahon, alitumia dawa ya DDT kuwaangamiza mainzi waenezao ugonjwa wa upofu wa mtoni katika Nyanza ya Kusini, kazi ambayo peke yake ingetosha kumpa mtu heshima ya maisha.

Lakini fumbo kubwa lilikuwa jingine. Tangu Laveran avione vimelea vya malaria mwaka 1880, na Ross amhusishe mbu mwishoni mwa karne ileile, ilijulikana kwamba mbu huingiza kimelea na kwamba siku kadhaa baadaye kimelea huonekana katika chembe nyekundu za damu. Katikati ya hayo palikuwa na ukimya. Mwaka 1903 Mjerumani Schaudinn alidai kwamba alikiona kimelea kikiingia moja kwa moja katika chembe nyekundu, na kwa zaidi ya miaka 40 ulimwengu ukamwamini. (Sisi wa vyuo vikuu tunajua vyema jinsi kosa lenye jina kubwa linavyodumu.) Wakati wa Vita vya Pili, Fairley akiwa Australia alithibitisha kwamba damu ya mtu aliyeumwa na mbu huambukiza kwa muda mfupi tu, kisha huwa safi kwa siku kadhaa, kisha huambukiza tena. Basi vimelea vilikwenda wapi?

Garnham alianza kulipata jibu akiwa bado Kenya. Mwaka 1947 alieleza jinsi kimelea cha nyani wa Kiafrika, jamaa wa karibu wa malaria, kinavyokua ndani ya ini. Aliporudi London alishirikiana na Henry Shortt, na mwaka 1948 wakaonyesha jambo hilohilo kwa kimelea halisi cha malaria ya nyani, kisha kwa malaria ya binadamu. Maficho yalikuwa ini. Baadaye akawa profesa, akaandika mwaka 1966 kitabu kikubwa juu ya vimelea vya malaria, na akafariki Desemba 1994.

Aliyoyaona Garnham ni mwisho wa safari, si safari yenyewe. Waliomfuata ndio walioifuatilia, na hapa Kiswahili chatuhudumia vizuri kuliko tunavyodhani. Kimelea kinachotoka katika mate ya mbu, ambacho wataalamu hukiita sporozoiti, hakisukumwi tu na damu kama gugu-maji linavyosukumwa na upepo ziwani. Huhama chenyewe. Hakina mguu wala mkia, huteleza. Hutoa protini za kunata upande wa mbele, na mtambo mdogo ulio chini ya utando wake huzivuta kuelekea nyuma, nacho husonga kwa takriban mikroni moja au mbili kwa sekunde, kasi inayozishinda mbali seli zetu za ulinzi. Kalsiamu iliyomo ndani yake ndiyo inayoamuru lini protini hizo zitolewe. Hupenya ngozi, huingia mshipani, na kikifika kwenye ini hulitambua kwa sukari zilizo juu ya seli zake. Hutoboa seli kadhaa na kuziacha, kisha hutua katika moja. Humo kimoja huzaa makumi ya maelfu.

Nayasema haya kwa sababu chanjo ya RTS,S, iliyojaribiwa Kombewa na Siaya miongoni mwa vituo vingine, na kuanza kutolewa katika kaunti za ukanda wa ziwa mwezi Septemba 2019, hukilenga kimelea hicho kikiwa njiani. Huifundisha damu ya mtoto kuitambua protini iliyokifunika kabla hakijafika mafichoni. Vichache vikipita, mtoto aweza kuugua. Katika majaribio makubwa, watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupewa dozi nne walipungukiwa na visa vya malaria kwa takriban asilimia 36 katika miaka minne.

Sasa mzazi wa Nyalenda aliyeambiwa kwa neno moja tu kwamba chanjo huzuia malaria, kisha mwanawe akashikwa na homa, atafikiri nini? Kitenzi kuzuia kimemwahidi ukuta, ilhali alichopewa ni doria katika njia. Ratiba ya mwaka 2019 iliweka dozi tatu za kwanza katika miezi 6, 7 na 9, na ya nne katika mwezi wa 24, na mzazi aliyekwisha kukata tamaa hana sababu ya kuirudia zahanati baada ya zaidi ya mwaka mzima. Ningependa wahudumu wa afya wapewe maneno yaliyo sahihi: kwamba kimelea huhama, kwamba kina njia, kwamba chanjo hukivizia humo, na kwamba chandarua kingali chahitajika kila usiku.