John Fee, mchungaji aliyeweka weusi na weupe darasa moja

Tunapozungumza juu ya ubaguzi katika vyuo vyetu, mara nyingi tunaishia kuwaonya wanafunzi wapendane. Maisha ya John Gregg Fee yanatufundisha kwamba maonyo peke yake hayatoshi.

Fee alizaliwa mwaka 1816 katika jimbo la Kentucky, Marekani. Baba yake alikuwa na watumwa, naye alikua akiona jambo hilo ni la kawaida. Alipokuwa anasomea uchungaji Cincinnati, Neno la Mungu lilimgeuza. Alirudi nyumbani akimsihi baba yake awaachilie watumwa wake. Baba alikataa. Fee alitumia mali yake mwenyewe kumnunua mama mmoja mtumwa wa baba yake, Julett Miles, akampa uhuru. Kwa ajili ya mambo hayo baba alimkatia urithi. Miaka ya baadaye Julett alirudi kuwachukua watoto wake waliobaki utumwani, akakamatwa na kufungwa, akafia gerezani.

Mwaka 1855 Fee na wenzake walianza shule ndogo ya chumba kimoja, ambacho Jumapili kiligeuka kanisa. Mahali hapo alipaita Berea, kwa jina la mji tunaousoma katika Matendo sura ya 17. Katika sura hiyohiyo Paulo anawaambia watu wa Athene kwamba mataifa yote yametoka kwa mmoja, na juu ya fundisho hilo Fee alitaka kujenga chuo. Mwezi wa Desemba 1859 watu wenye silaha, kama 60 hivi, walifika wakawapa watu wa Berea siku 10 wawe wameondoka. Fee na familia yake wakawa wakimbizi. Sisi wa mashariki tunajua maana ya kufunga mizigo namna hiyo.

Wakati wa vita alihudumu Camp Nelson, kambi ambamo maelfu ya watu weusi waliingia jeshini ili wapate uhuru. Huko mwaka 1865 alimleta mwalimu kijana mweusi, Belle Mitchell, akamketisha katika chumba cha chakula pamoja na walimu weupe. Wengi wao walisimama wakatoka. Hao hawakuwa watetezi wa utumwa. Walikuwa walimu na wahudumu waliokuja kuwasaidia watu weusi, ila kula nao meza moja waliona ni kupita kiasi. Fee alikataa kumwondoa dada huyo. Lakini aliposafiri, wakuu wengine walimfukuza.

Hapo tunaona jambo kubwa. Msimamo wa mtu mmoja mwema unadumu akiwepo. Akitoka, mambo yanarudi yalikokuwa. Haki inapaswa kuandikwa katika kanuni za chuo na kuonekana katika viti vya wale wanaoamua.

Fee aliporudi Berea alifanya hivyo. Mwaka 1866 wanafunzi weusi wa kwanza walipoingia darasani, sehemu ya weupe walitoka. Hakuwafungulia darasa la pembeni. Katika mwaka ule wa masomo 1866-67 walikuwa wanafunzi 187: weusi 96 na weupe 91. Gabriel Burdett, mhubiri aliyekuwa mtumwa kisha askari, aliingia katika baraza la chuo. Julia Britton, dada mweusi, alifundisha muziki, na weupe walikuwa miongoni mwa wanafunzi wake.

Hata hivyo, kazi hiyo haikukosa kurudi nyuma. Kuanzia mwaka 1892 kiongozi mpya wa chuo alielekeza nguvu kwa weupe maskini wa milimani, na idadi ya weusi ikapungua. Fee, mzee tayari, alipinga. Alikufa mwaka 1901. Miaka mitatu baadaye serikali ya Kentucky ilitunga sheria ya kukataza weusi na weupe kusoma pamoja. Chuo kilipinga sheria hiyo mpaka mahakama kuu ya nchi, kikashindwa mwaka 1908. Ni mwaka 1950 tu mlango ulipofunguliwa tena, sheria ilipolegezwa.

Ndugu na dada, kwetu hatubaguani kwa weusi na weupe. Lakini tujiulize bila kuogopana: katika vyuo vyetu vya Biblia na vyuo vikuu vya makanisa yetu, baraza la usimamizi ni la kabila ngapi? Bursa zinapewa nani? Mwalimu wa kabila lingine akija, tunakula naye? Na yule anayemtetea akisafiri, mwalimu huyo atabaki?

Tusingoje mtu mwema mmoja. Tukae katika mabaraza yetu, tusome kanuni zetu, na pale zinapomfungia ndugu mlango, tuzibadilishe. Bwana atusaidie.