Maisha ya Plinius na Mlima wa Moto

Katika watu wote wa kale niliosoma habari zao, hakuna anayenipendeza kama Plinius Mkubwa, yule Mrumi aliyekufa karibu na mlima wa Vesuvius.

Alizaliwa Como, kaskazini ya Italia, mwaka 23 au 24 baada ya Kristo. Alikuwa askari, kisha mtumishi mkubwa wa serikali. Lakini alipenda kusoma kuliko yote. Hata alipokula chakula alisomewa kitabu. Akaandika vitabu 37 vya habari za nchi, wanyama, mimea na mawe.

Mwaka 79 alikuwa mkuu wa merikebu za vita huko Misenum. Vesuvius ulikuwa umetulia siku nyingi, na watu wamepanda mizabibu ubavuni mwake. Hawakujua yaliyo chini. Leo twajua kwamba ganda la dunia limegawanyika vipande vipande, na upande ule Afrika na Ulaya husukumana polepole. Kipande kimoja kikizama chini ya kingine, mwamba huyeyuka huko ndani, ukapanda na kukusanyika chini ya mlima pamoja na gesi iliyobanwa. Mwisho hulipuka kama chupa ya soda iliyotikiswa.

Siku ile wingu likapanda juu mfano wa mti. Plinius alitaka kwenda kulitazama tu, kwa chombo kidogo. Mara ikamfikia barua ya mwanamke aliyekaa chini ya mlima, akiomba aokolewe. Basi akaamuru merikebu kubwa zitoke. Majivu na mawe yakawaangukia. Nahodha akamshauri warudi, asikubali. Kule alikokusudia hakukufikika, akashukia Stabiae kwa rafiki yake, akawatuliza watu wenye hofu. Kesho yake wakashuka ufukoni, mito imefungwa vichwani ili kujikinga na mawe. Hapo akaanguka, akafa, umri wake miaka 55. Hata leo wataalamu huiita milipuko ya namna ile kwa jina la Plinius.

Kwetu Kisoro twalima chini ya Muhabura na Sabinyo, milima iliyotulia. Lakini jirani yao Nyiragongo ulimwaga moto hata ndani ya mji wa Goma mwaka 2002. Plinius hakuwa na elimu tunayofundishwa sisi darasani, ila alikuwa na moyo wa kuwaendea wenye shida. Elimu tunayo, na tuutafute moyo ule.