Maisha ya Mwalimu Adrien Atiman, Mganga na Katekista wa Karema

Katika kitabu hiki cha yubilei yamekwisha kuandikwa mengi juu ya maaskofu na mapadri waliotutangulia, nayo ni haki yao. Sisi makatekista tumeombwa tueleze habari za mmoja wa kazi yetu, wala hatukutaabika kumtafuta. Mtu huyo ni Adrien Atiman, aliyefundisha dini na kutibu wagonjwa pwani ya ziwa letu la Tanganyika kwa muda wa miaka 67. Ni kweli, makao yake yalikuwa Karema, kusini ya hapa kwetu, na Karema leo ni ya jimbo la Mpanda. Lakini hapo zamani nchi ya Kigoma na nchi ya Karema zilikuwa vikariati moja, hata mwaka 1946 tulipotengwa. Basi tukimtaja hatuchukui mzee wa wengine, tunamkumbuka wa nyumbani.

Tena tunayo sababu nyingine. Hapa Buzebazeba, kama katika parokia zote, jumuiya ndogo ndogo hukutana nyumbani kwa watu ili kusoma Injili na kuitafakari. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipokubaliana mwaka 1976 kwamba jumuiya hizo ziwe msingi wa uchungaji wao, wako waliodhani ya kuwa ni jambo geni. Lakini mwenye kuchungua habari za Atiman ataona kwamba watu wachache walioketi chini pamoja na mwalimu mmoja ndio waliokuwa mwanzo wa Ukristu katika pwani hii, kabla ya makanisa ya matofali na kabla ya kengele.

Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, karibu na mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto mdogo alinyakuliwa na wateka watu wa kabila la Watuareg, akatengwa na wazazi wake asiwaone tena, akavushwa jangwa kubwa la Sahara hata Metlili, katika nchi ya Aljeria. Wasomaji wa Ujiji hawana haja ya kuelezwa sana juu ya mambo hayo. Misafara ya watumwa waliovushwa ziwa kutoka Manyema ilipita katika mji wao, ikashika njia ya Tabora na Bagamoyo. Yaliyotendeka huku kwa njia ya maji na nyika, huko kaskazini yalitendeka kwa njia ya mchanga, na machozi ya watoto yalikuwa ni yale yale.

Huko Metlili Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha, wakampeleka Algiers. Shirika lao lilikuwa limeanzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, ambaye mwaka 1882 alifanywa Kardinali. Baada ya njaa na kipindupindu vya mwaka 1867 Lavigerie alikuwa amekusanya yatima wengi, naye alijua kazi ya kulea watoto wasio na mtu. Katika moyo wake lilikuwamo wazo moja lisilomwacha, yaani kwamba Wazungu wataweza kuanza kazi ya Injili katika Afrika, lakini kuikamilisha ni kazi ya Waafrika wenyewe. Hata hivyo aliona hatari. Kijana wa Kiafrika akilelewa kwa desturi za Ulaya tangu kanzu hata chakula, mwisho atakuwa mgeni kwao na mgeni kwa Wazungu pia. Kwa hiyo alitaka vijana wake wajifunze kazi ambayo watu wa kila nchi wanaihitaji, nayo ni uganga, ili wapate riziki kwa mikono yao, waoe, wakae miongoni mwa watu kama watu, na kwa kuwaponya miili wapate nafasi ya kusema nao habari za roho.

Ndivyo Atiman, pamoja na vijana wenzake waliokombolewa utumwani, alivyopelekwa katika kisiwa cha Malta mwaka 1881, akasoma uganga katika chuo kikuu cha huko hata mwaka 1888. Tuliandike wazi jambo hili, maana wengine hudhani kwamba katekista wa zamani alikuwa mtu aliyejua maswali na majibu tu. Huyu alifundishwa na mabingwa wa Ulaya muda wa miaka saba. Shule ile ya Malta haikudumu, na idadi ya waliotoka humo ilikuwa ndogo kuliko alivyotumaini Kardinali. Mtu akipima kwa hesabu atasema ni shauri lililoshindikana. Sisi twaona kwamba Karema peke yake inatosha kulipa gharama yote.

Mwaka 1888 akapanda merikebu kuja Zanzibar, na kutoka pwani ya bahari akaingia bara kwa miguu pamoja na msafara wa wamisionari, akafika Karema mwaka 1889. Mahali pale palikuwa na boma lililojengwa na Wabelgiji tangu mwaka 1879, nao walikuwa wamewaachia Mapadri mwaka 1885. Boma lilipojengwa ziwa lilikuwa karibu, lakini maji yakapata njia kubwa ya kutoka katika mto Lukuga, ziwa likashuka, na boma likabaki mbali na ufuko. Wakazi wa misioni wengi wao walikuwa watu waliokombolewa kama yeye, na miongoni mwao watoto walikuwa tele. Nje ya boma hofu ya wateka watu ilikuwa bado haijaisha.

Mwaka ule ule wa 1889 alimwoa Agnes Wansabira, binti wa mtemi wa Wabende. Ndoa hiyo ilikuwa neno kubwa. Mtu aliyetoka mbali sana, asiye na ukoo hata mmoja katika nchi hii, akapata wakwe, akapata mashemeji, akahesabiwa kuwa mtu wa pale. Baba mkwe wa namna hii ni mlango wa nchi nzima. Na katekista asiye na mlango wa namna hiyo, hata akiwa na elimu ya Malta, atasema na kuta.

Sasa tuseme juu ya kufundisha kwenyewe, kwa sababu ndipo penye faida kwetu. Utaratibu wa Mapadri Weupe ulikuwa mgumu, na Kardinali mwenyewe ndiye aliyeuamuru. Mtu hakubatizwa kabla ya kufundishwa miaka minne, isipokuwa awe katika hatari ya kufa. Kwanza alikuwa mwombaji, akavaa medali shingoni, akajifunza mambo yaliyo msingi. Baada ya miaka miwili, mwenendo wake ukionekana kuwa mwema, akaingizwa katika wakatekumeni, akaendelea miaka miwili mingine. Kila mara padri alimpima, na majirani waliulizwa juu ya maisha yake nyumbani. Mpango huo wote ulitegemea katekista. Padri mmoja alikuwa na vijiji vingi, naye huja na kwenda; mwalimu ndiye aliyekaa.

Wanafunzi walikuwa kikundi, nao walikuwa wa namna zote: mzee asiyeona vizuri, msichana aliyekombolewa, mvuvi aliyetoka majini usiku kucha na sasa anasinzia, mke wa mtemi. Vitabu vilikuwa haba, na wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo neno lilipita mdomoni na sikioni, likarudiwa na wote pamoja, kisha na mmoja mmoja, mpaka likakaa moyoni. Wako leo wanaodharau kukariri. Sisi hatukubaliani nao kabisa, maana anayebeba neno moyoni anaweza kulitumia shambani na mtumbwini, mahali pasipo na taa wala kitabu. Kosa ni kuishia hapo. Kazi ya mwalimu ilianza pale maneno yalipokwisha kushikwa, ndipo alipouliza maana yake, akaonyesha yanavyohusu mahari, deni, ugomvi wa maji na hirizi.

Tukumbuke jambo hili pia. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya Atiman, alijifunza ukubwani. Wala haikuwa lugha ya mama ya Wabende, wala ya Watongwe, wala ya wale watoto waliotoka ng'ambo ya ziwa. Mwalimu na wanafunzi walikutana katika lugha ambayo wote waliazima. Katika hali hiyo mwalimu hawezi kujidanganya kwamba ameeleweka kwa sababu amesema. Sharti aulize, asikilize jibu, aulize tena kwa njia nyingine. Sisi tuliozaliwa na Kiswahili hapa Kigoma twaongea jumuiyani saa nzima, watu wanaitikia, nasi twarudi nyumbani tumeridhika. Kiongozi wa namna hiyo ameifanya jumuiya kuwa mimbari yake. Watu huanza kupungua, kwanza vijana, kisha wanaume, naye husema wamepoa.

Na mwalimu huyu alikuwa na shahada ambayo wengi wetu hatuna, yaani maisha yake mwenyewe. Alipofundisha habari za Waisraeli katika Misri, au maana ya neno mkombozi, waliomsikiliza walijua kwamba aliwahi kuuzwa. Nao wengi wao waliwahi kuuzwa. Neno la kukomboa, ambalo kwetu limekuwa la kanisani tu, kwao lilikuwa na bei, na waliijua.

Juu ya uganga wake tutasema kwa kifupi. Wagonjwa walimjia kutoka pande nyingi, wengine kwa mitumbwi. Alitibu vidonda, alipasua, alipambana na ndui, na baadaye na ugonjwa wa malale ulioangamiza watu wengi katika pwani za ziwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Pamoja na dawa za Ulaya alichungua pia miti na mizizi ya nchi, akatumia iliyofaa. Mara nyingi mganga na katekista walikuwa kitandani kwa mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja, kwa kuwa ni mtu yule yule. Dawa iliposhindwa, alikuwapo wa kumfundisha anayekufa yale machache ya lazima na kumbatiza kama akitaka.

Miaka ikapita. Askofu Lechaptois, aliyeongoza vikariati tangu mwaka 1891, alifariki mwaka 1917, wakati wa vita kuu. Wabelgiji walikuwa wameishika Kigoma mwaka 1916, na Wajerumani wakaondoka katika pwani yote. Bendera zilibadilika juu ya Karema, lakini mlangoni pa zahanati watu walimkuta mtu yule yule. Mwaka 1923 mwanawe Joseph alipewa daraja takatifu ya upadri. Hapo wazo la Kardinali lilikwisha kutimia kwa namna ambayo yeye, aliyefariki mwaka 1892, hakuiona: mtoto wa mtumwa aliyekombolewa na wa binti wa mtemi wa Wabende alisimama altareni.

Katika uzee wake aliandika habari za maisha yake kwa Kifaransa, nazo zikatafsiriwa na kupigwa chapa kwa Kiingereza mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alipewa nishani kadhaa. Lakini hakuhama Karema, wala hakuacha kazi kwa sababu ya nishani. Alifariki huko huko tarehe 24 Aprili 1956, mwenye umri wa miaka tisini hivi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1958, Karema ilipata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Mhashamu Charles Msakila.