Mumtaz Mahal, malkia aliyefariki akizaa na kulazwa ndani ya Taj Mahal

Tarehe 17 Juni 1631, mjini Burhanpur, katikati mwa India, mama mmoja wa miaka 38 alifariki baada ya kujifungua mtoto wake wa kumi na nne. Mume wake, mfalme Shah Jahan, alikuwa mmoja wa watu tajiri zaidi duniani wakati ule. Mali hiyo yote haikuweza kumwokoa mke wake.

Mama huyo alizaliwa mwaka wa 1593 na kupewa jina la Arjumand Banu. Jamaa yake ilikuwa na asili ya Uajemi na ilikuwa na nguvu sana katika utawala wa Wamughal. Shangazi yake, Nur Jahan, aliolewa na mfalme Jahangir, baba yake Shah Jahan. Arjumand alichumbiwa mwaka wa 1607, kisha ndoa ikafungwa mwaka wa 1612. Ndipo akaitwa Mumtaz Mahal.

Shah Jahan alikuwa na wake wengine, lakini huyu ndiye aliyekuwa mshauri wake wa karibu. Alimfuata mumewe vitani na hata katika miaka ya kukimbia, pale Shah Jahan alipomwasi baba yake. Katika miaka 19 ya ndoa alizaa watoto 14, na saba kati yao walikufa wangali wadogo. Mwaka wa 1628 mumewe alipanda kwenye kiti cha ufalme na kumkabidhi mhuri wa serikali. Alikuwa malkia kwa miaka mitatu tu.

Alizikwa kwanza Burhanpur, ndani ya bustani. Miezi michache baadaye mwili wake ulisafirishwa hadi Agra, kaskazini mwa nchi, na mwaka wa 1632 kazi ya kujenga kaburi ikaanza kando ya mto Yamuna.

Mafundi na vibarua wapatao 20 000 walifanya kazi hiyo. Marumaru nyeupe ilitoka Makrana, katika jimbo la Rajasthan, na mawe ya thamani yaliletwa kutoka Afghanistan, Tibet na China, yakachongwa na kupachikwa ukutani kwa mfano wa maua. Kwa sababu udongo wa kando ya mto ni laini, walichimba visima virefu na kuvijaza mawe ili msingi ushike vizuri. Minara minne ya pembeni iliinamishwa nje kidogo, ili ikianguka isiangukie kaburi. Toka chini hadi ncha ya kuba ni karibu mita 73. Majengo yote, pamoja na msikiti na bustani, yalimalizika karibu mwaka wa 1653.

Watoto aliowaacha hawakupatana. Mwaka wa 1658, wana wake wanne walipogombania ufalme, Aurangzeb alishinda, akampindua baba yake na kumfungia ndani ya ngome ya Agra. Wawili kati ya ndugu zake aliwaua. Kwa miaka minane mfalme huyo wa zamani alikaa kifungoni, akitunzwa na binti yake Jahanara, huku kaburi la mke wake likionekana kando ya mto.

Shah Jahan alipofariki mwaka wa 1666, alizikwa hapo hapo. Kila kitu ndani ya Taj Mahal kimepangwa sawasawa, kulia kama kushoto, isipokuwa kaburi lake yeye. Mumtaz Mahal yuko katikati kabisa, na mfalme amewekwa pembeni yake.

Tangu mwaka wa 1983, Taj Mahal ni sehemu ya urithi wa dunia wa UNESCO, na kila mwaka mamilioni ya watu hufika kuitazama. Na yule mtoto wa kumi na nne, msichana aliyeitwa Gauhara, alipona. Aliishi hadi mwaka wa 1706, karibu mara mbili ya umri aliofikia mama yake.