Siti binti Saad: Mwanafunzi wa Sikio

Wanachuo wanaokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Pugu na vijiji vya jirani hutuuliza mara kwa mara namna ya kufundisha nyimbo mahali pasipo na kinanda, wala kitabu cha noti, wala mwalimu awezaye kuzisoma. Badala ya kuwapa kanuni, tumeona vema kuwasimulia maisha ya mwanamke ambaye hakupata hata kimoja katika vitu hivyo, naye akaja kuwa mwimbaji mashuhuri kupita wote wa pwani yetu katika zama zake.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, na kwa hakika utumwa ulikuwa ungali halali Unguja siku hizo. Haukufutwa kwa sheria mpaka mwaka 1897. Hakupelekwa shule, wala hakukaa katika chuo cha Kurani. Alichofundishwa ni kazi ya mama yake, yaani ufinyanzi, na vyombo vilipokwisha kuchomwa alivichukua kichwani akizunguka navyo kuviuza.

Hapa yafaa tutue kidogo. Muuza vyungu hunadi bidhaa zake tangu asubuhi hadi jua la utosi. Asiyejua kuvuta pumzi kwa kiasi, sauti humkauka kabla hajafika nusu ya njia; na asiyetamka vizuri hasikiwi na aliye ndani ya nyumba. Husimuliwa kwamba watu waliijua sauti yake kabla hajatokea. Sisi tunaamini kwamba njia zile za Fumba zilikuwa darasa lake la kwanza, ingawa hakuna aliyeliita hivyo. Mtoto aliye mbele yako huenda naye anaita wateja wa maandazi kila jioni kando ya reli, nawe unamwandika kuwa hajui kuimba!

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, aliyekuwa mmoja wa wanachama wa Ikhwani Safaa, chama cha muziki kilichoanzishwa mwaka 1905. Bwana huyu aliisikia sauti yake, akajitolea kumfundisha. Tukumbuke kwamba mwanafunzi alikuwa mtu mzima wa miaka kama thelathini, mwanamke, tena wa shamba, na asiyejua herufi. Na taarabu ya wakati ule ilikuwa sanaa ya jumba la Sultani na ya mabwana, ikiimbwa kwa Kiarabu. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo njia ilikuwa moja tu: kusikia, kushika, kurudia, na kusahihishwa papo hapo. Kwa njia hiyo alizitia moyoni nyimbo ndefu za lugha isiyokuwa yake. Baadaye alifuatana na wapigaji stadi, miongoni mwao Subeti bin Ambar, Mwalimu Shaban, na Mbaruk Talsam ambaye hakuwa na nuru ya macho. Kikundi kama hicho hakikuwa na haja ya karatasi.

Lakini lililomtukuza Siti halikuwa kuimba Kiarabu vizuri. Lilikuwa kuileta taarabu katika Kiswahili, lugha ya watu wa Ng'ambo alikokaa, na kuimba habari zao. Wimbo wake uitwao Kijiti ulisimulia kisa cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, muuaji akavuka bara, na adhabu ikawaangukia mashahidi wanawake. Wasiojua kusoma walipata katika wimbo habari na hukumu ya jambo hilo pamoja. Wapo waliomchukia. Walimtungia maneno ya kumkumbusha asili yake ya shamba na kumkejeli kwa sura yake. Naye hakunyamaza, aliwajibu kwa wimbo, akitukuza akili kuliko uzuri wa umbo.

Mwaka 1928 alisafiri kwa meli pamoja na wapigaji wake hadi Bombay, India, ambako kampuni ya santuri ya Gramophone ilizitia sauti zao katika sahani. Zilikuwa miongoni mwa nyimbo za kwanza za Kiswahili kuuzwa kwa njia hiyo. Uso mmoja wa sahani zile ulichukua kama dakika tatu tu, na wimbo wa taarabu waweza kuendelea usiku kucha. Ilimpasa mwimbaji aliyezoea kunyoosha ubeti kwa kadiri ya furaha ya wasikilizaji ajifunze kufupisha bila kuharibu. Kazi hiyo mwalimu yeyote aliyewahi kuandaa kipindi kimoja kutoka katika sura nzima ya kitabu anaijua ugumu wake. Sahani hizo zilienea pwani na bara, na yule aliyenadi vyungu kijiji kwa kijiji akasikika mahali ambapo mguu wake haukufika.

Aliyeandika maisha yake ni Shaaban Robert, ambaye aliwahi kuonana naye katika siku zake za mwisho. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Hakuacha daftari hata moja la mkono wake. Nyimbo zake zilishikwa na waliomsikia, na mmoja wao alikuwa Fatuma binti Baraka, ambaye wengi tulimjua kwa jina la Bi Kidude. Yeye pia hakuzipata katika karatasi. Alizinasa kwa sikio, akaendelea kuziimba hata alipokuwa kikongwe, mpaka karibu na kufa kwake mwaka 2013.