Michelangelo Antonioni: Rangi na Ukengeushi katika Filamu

Michelangelo Antonioni alizaliwa tarehe 29 Septemba 1912 mjini Ferrara, kaskazini mwa Italia. Alisomea uchumi katika Chuo Kikuu cha Bologna, lakini alivutiwa zaidi na uhakiki wa filamu. Mwaka 1943 alianza kutengeneza filamu fupi juu ya wakazi wa bonde la mto Po, kazi iliyotolewa mwaka 1947.

Wakati huo sanaa ya filamu nchini Italia ilitawaliwa na uhalisia-mpya, mkondo uliochunguza dhiki za mtu maskini. Antonioni alichipukia humo, ila swali lake lilikuwa jingine: mtu aliyekwisha shiba ana nini moyoni? Katika L'avventura (1960) msichana anapotea kisiwani, na wanaomtafuta wanamsahau taratibu. Watazamaji wa Cannes waliizomea filamu hiyo. Hata hivyo, ilipata tuzo ya majaji katika tamasha hilohilo. La notte (1961) na L'eclisse (1962) ziliendeleza dhamira hiyo ya ukengeushi. Zote tatu zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe.

Il deserto rosso (1964), iliyopata Simba wa Dhahabu mjini Venice, ndiyo filamu yake ya kwanza ya rangi. Mandhari yake ni viwanda vya Ravenna. Mhusika mkuu, Giuliana, aliyeigizwa na Monica Vitti, ni mke wa meneja wa kiwanda na amekwisha kujaribu kujiua. Antonioni hakuridhika na rangi za maumbile: aliagiza nyasi na miti ipakwe rangi, na matunda ya mchuuzi yakatiwa kijivu. Kwa hiyo rangi hapa si pambo. Mtazamaji anauona ulimwengu kama unavyoonwa na nafsi iliyojeruhiwa.

Ni rahisi kudai kwamba filamu hii inavilaani viwanda. Dai hilo halitoshi, kwani Antonioni aliuona pia uzuri wa mabomba na mitambo. Mwishoni mtoto wa Giuliana anauliza kuhusu moshi wa manjano wenye sumu, naye anamweleza kwamba ndege wamejifunza kuukwepa. Swali linabaki kwa mtazamaji: je, kuzoea namna hiyo ni kupona au ni kushindwa?

Blow-Up, iliyotengenezwa London mwaka 1966, ilimpatia Antonioni tuzo kuu ya Cannes mwaka 1967. Mwaka 1985 alipata kiharusi kilichomnyang'anya karibu uwezo wote wa kusema. Hata hivyo, mwaka 1995 alitoa filamu nyingine akisaidiwa na Wim Wenders, na mwaka huohuo akatunukiwa Oscar ya heshima. Aliendelea pia kuchora picha za rangi. Alifariki Roma tarehe 30 Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 94, akazikwa Ferrara.