Bill Shankly na beki wa pauni 22,000

Kamati ya timu yetu itakutana Jumapili ijayo baada ya soko kufungwa, na ajenda ni moja tu: tumnunue yule beki wa ng'ambo au tumwache. Mimi ndiye mweka hazina. Tangu neno hili lianze siwezi kupima kilo mbili za mchele bila mtu kuniuliza nimeamua nini.

Timu yetu ni ya wafanyabiashara wa hapa Rusumo, na wengi wetu ni watu tuliorejea kutoka Tanzania baada ya 1994. Msimu uliopita tulifunga mabao mengi kuliko timu yoyote katika mashindano yetu, lakini tukamaliza nafasi ya tatu, kwa kuwa kilichopatikana mbele kilivuja nyuma. Beki anayetakiwa anacheza upande wa Ngara. Bei yake, pamoja na chumba cha kulala na posho ya msimu mzima, inafika faranga milioni moja na nusu. Sanduku letu lina milioni mbili na laki tatu, na fedha hizo zilichangwa kwa ajili ya misiba na kwa mwenzetu ambaye mzigo wake umekwama mpakani.

Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, nimeona ni heri niandike habari za mtu aliyepambana na swali hili hili, hayati Bill Shankly, kocha wa Liverpool ya Uingereza. Jina lake nililisikia mara ya kwanza nikiwa mtoto huko Karagwe, kwa mwalimu wetu aliyekuwa shabiki wa Liverpool kwa njia ya redio tu. Vijana wa leo wanaijua Liverpool ya Virgil van Dijk, beki aliyenunuliwa Januari 2018 kwa pauni milioni 75, akawa beki ghali kuliko wote duniani kwa wakati ule. Watu wengi walicheka bei hiyo. Mwaka 2019 timu ikachukua Kombe la Ulaya, na mwaka 2020 ikachukua ubingwa wa Uingereza baada ya kuukosa kwa miaka 30. Lakini njia hiyo haikuanza na Van Dijk.

Mtoto wa mgodini

Shankly alizaliwa Septemba 2, 1913, katika kijiji cha Glenbuck huko Scotland, kijiji cha wachimba makaa ya mawe. Nyumbani kwao walizaliwa watoto kumi. Wavulana walikuwa watano na wote watano wakawa wachezaji wa kulipwa. Kijiji chenyewe kilikuwa kidogo mno, lakini kilitoa wachezaji wa kulipwa wapatao hamsini, kwani kijana wa pale alikuwa na njia mbili tu, mgodi au mpira.

Shankly aliacha shule akiwa na miaka 14 akaingia mgodini. Alifanya kazi huko kwa takriban miaka miwili, kisha mgodi ukafungwa na yeye akabaki bila kazi. Mwaka 1932 alisajiliwa na Carlisle United, na mwaka uliofuata Preston North End wakamnunua kwa pauni 500. Alikuwa kiungo mkabaji, mtu wa kukimbia dakika zote. Mwaka 1937 alifika fainali ya Kombe la FA akashindwa na Sunderland kwa mabao 3-1. Mwaka 1938 alirudi tena na safari hii Preston wakaifunga Huddersfield 1-0, kwa penalti ya dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza. Aliichezea pia timu ya taifa ya Scotland. Kisha vita vikaja na kumla miaka yake mizuri, kama ilivyokuwa kwa wengi wa kizazi chake. Sisi tuliopotezewa miaka na vita tunalielewa jambo hilo bila kuelezwa.

Kocha asiyepewa fedha

Mwaka 1949 aliacha kucheza akawa kocha. Alianza na Carlisle, akaenda Grimsby, akaenda Workington, kisha Huddersfield. Kote huko kilio chake kilikuwa kimoja: wakurugenzi hawatoi fedha.

Akiwa Huddersfield alipata somo ambalo kila mpenda mpira anapaswa kulijua. Desemba 21, 1957, timu yake ilikuwa ugenini kwa Charlton Athletic. Charlton walimpoteza nahodha wao kwa kuumia, na wakati ule hapakuwa na wachezaji wa akiba, kwa hiyo walibaki kumi. Ikiwa imebaki karibu nusu saa, Huddersfield walikuwa mbele kwa mabao 5-1. Mchezo ulimalizika Charlton 7, Huddersfield 6. Soma tena, msomaji, si kosa la mpiga chapa. Mabao sita ugenini hayakumtosha Shankly kupata hata sare.

Ni akiwa Huddersfield ndipo alipowataka vijana wawili wa Scotland, mshambuliaji Ian St John wa Motherwell na beki wa kati Ron Yeats wa Dundee United. Wakurugenzi walisema fedha hazipo. Shankly hakuwasahau vijana hao.

Nafasi ya tatu, mara mbili

Desemba 1959 alihamia Liverpool. Klabu hiyo ilikuwa imeshuka Daraja la Pili mwaka 1954 na ilishindwa kurudi juu. Uwanja wa mazoezi wa Melwood ulikuwa umechakaa. Yeye aliwabakiza makocha wasaidizi aliowakuta, akina Bob Paisley, Joe Fagan na Reuben Bennett, watu walioijua klabu kuliko yeye, lakini wachezaji wengi aliwaondoa.

Msimu wa 1959-60 Liverpool walimaliza nafasi ya tatu. Msimu wa 1960-61, nafasi ya tatu tena. Zilizopanda daraja zilikuwa timu mbili tu, kwa hiyo nafasi ya tatu ilikuwa sawa na kufika darajani wakati kizuizi kimekwishateremshwa. Katika msimu huo wa pili walifunga mabao 87, si haba, lakini walifungwa 58. Ugonjwa ulionekana kwa macho.

Kabla ya hapo Shankly alimtaka beki Jack Charlton wa Leeds, lakini wakurugenzi hawakukubali kufika kwenye bei. Miaka michache baadaye, 1966, Charlton huyo alichukua Kombe la Dunia akiwa na Uingereza.

Wengi wanaposimulia habari hizi huwalaumu wakurugenzi kuwa walikuwa wabahili. Mimi, kwa kuwa nashika funguo za sanduku, sina haraka ya kuwalaumu. Fedha haikuwa yao ya mfukoni, na hakuna aliyekuwa na hakika. Mwenye kuomba fedha huliona bao linalozuiwa, lakini mwenye kuitoa huliona deni.

Mambo yaligeuka mwaka 1961 kwa sababu ya mtu wa hesabu. Eric Sawyer, aliyetoka kampuni ya Littlewoods, aliingia katika halmashauri ya wakurugenzi. Aliwaeleza wenzake kwamba hasara ya kutowanunua vijana wale ni kubwa kuliko bei yao. Mei mwaka huo St John akanunuliwa kwa pauni 37,500, rekodi ya klabu. Julai ikawa zamu ya Yeats, kwa pauni 22,000. Kwa beki wa timu ya Daraja la Pili hiyo ilikuwa fedha nyingi sana.

Yeats alikuwa kijana wa Aberdeen aliyewahi kufanya kazi machinjioni, na alikuwa na urefu wa karibu mita 1.88. Shankly alimjivunia kama mtu aliyenunua gari jipya. Inasimuliwa kwamba aliwaita waandishi wa habari akawataka wamzunguke beki huyo wamtazame kila upande, kama wanavyozunguka mnara.

Fedha ilirudi

Msimu wa 1961-62 Liverpool walichukua ubingwa wa Daraja la Pili kwa pointi 62, nane zaidi ya Leyton Orient waliokuwa wa pili. Mabao ya kufungwa yalishuka kutoka 58 hadi 43. Na tazameni jambo hili: mabao ya kufunga yalipanda kutoka 87 hadi 99. St John alikuwa na mchango wake hapo, na Roger Hunt alifunga mabao 41 ya ligi peke yake, lakini pia timu yenye ukuta haiogopi kwenda mbele.

Yeats alipewa unahodha. Mwaka 1964 Liverpool wakawa mabingwa wa Uingereza. Mwaka 1965 wakaifunga Leeds 2-1 na kuchukua Kombe la FA kwa mara ya kwanza tangu klabu ianzishwe 1892. St John alifunga bao la ushindi, Yeats akapokea kombe. Wale wawili ambao Huddersfield walishindwa kuwalipia ndio waliomaliza kazi siku ile. Mwaka 1966 ubingwa ukaja tena.

Hata jezi nyekundu kuanzia juu hadi chini ilijaribiwa kwa beki huyo. Mwaka 1964, kabla ya mchezo na Anderlecht wa Ubelgiji, Shankly alimvalisha Yeats bukta nyekundu aone jinsi anavyotisha, na tangu hapo bukta nyeupe ikaachwa.

Si kila ununuzi ulifaulu

Wanaonishawishi niseme ndiyo huishia hapo. Mimi naendelea, kwa sababu mweka hazina husoma kurasa zote mbili za daftari.

Mwaka 1967 Shankly alimnunua mshambuliaji Tony Hateley kutoka Chelsea kwa pauni 96,000, zaidi ya mara nne ya bei ya Yeats. Alifunga mabao, lakini timu haikuenea naye, na mwaka 1968 akauzwa. Mwaka huo huo Shankly akatoa pauni 100,000 kwa kijana Alun Evans wa Wolves, naye hakufikia yaliyotarajiwa. Upande wa pili, kipa Ray Clemence alipatikana Scunthorpe kwa pauni 18,000 mwaka 1967, na Kevin Keegan huko huko kwa 33,000 mwaka 1971. Wote wawili wakawa nyota wa Ulaya.

Pia Shankly aliwapenda wazee wake kupita kiasi. Mwaka 1970 Liverpool walitolewa katika Kombe la FA na Watford, timu iliyokuwa chini kwa daraja, ndipo akakubali kwamba kikosi kile kimechoka. Yeats aliondoka 1971 baada ya kucheza mechi 454. Pauni 22,000 ukizigawa kwa mechi hizo unapata chini ya pauni 49 kwa mchezo mmoja.

Shankly alijenga kikosi kipya, akachukua ubingwa na Kombe la UEFA mwaka 1973, na Kombe la FA mwaka 1974. Julai mwaka huo akajiuzulu ghafla, na baadaye alionekana akifika Melwood kama mtu aliyehama nyumba lakini miguu bado inamrudisha kule. Alifariki Septemba 29, 1981, kwa ugonjwa wa moyo. Hakuacha jumba kubwa. Aliishi miaka yote katika nyumba ya kawaida, jirani na watu wa kawaida. Yeats alirudi klabuni akawa msaka vipaji mkuu kwa miaka mingi, akafariki mwaka 2024.

Sasa Rusumo

Nikirudi kwetu, naona mambo matatu kwa Shankly. Kwanza, Yeats hakuwa mchezaji wa kuonwa mara moja; alikuwa amemtaka tangu akiwa Huddersfield. Sisi tumemwona kijana wa Ngara mara mbili, na mara moja uwanja ulikuwa tope. Pili, pengo lilijulikana kwa hesabu, na hapo tuko sawa, kwani daftari la mabao tuliyofungwa ninalo mimi. Tatu, fedha ya Liverpool ilikuwa ya mpira. Ilitoka kwa watu wanaolipa mlangoni, na ingepotea ungepotea mpira tu.

Fedha yetu si ya mpira. Mwezi wa tatu mama mmoja muuza nyanya alikwama upande wa pili siku nne, nyanya zikaoza, na ni sanduku hili lililomwinua. Alichanga kama sisi sote na hajawahi kufika uwanjani.

Kwa hiyo, ndugu zangu, jibu langu la Jumapili ni hili. Kijana aje acheze mechi mbili za kirafiki tumwone kwenye uwanja mkavu. Akitufaa, anunuliwe, na mimi nitakuwa wa kwanza kutoa elfu hamsini za mfukoni mwangu. Wanaomtaka wanifuate dukani, majina nitayaandika ukurasa mpya. Sanduku la misiba libaki limefungwa, na funguo nitakuja nazo mkutanoni kila mtu azione.